Mcheza Kwao Hutunzwa? Bwawa, Bendera na Safari ya Mwogeleaji Rebecca Achieng Ajulu-Bushell

IKISIRI

Insha hii inachunguza safari ya Rebecca Achieng Ajulu-Bushell, mwogeleaji wa mtindo wa kifua aliyeiwakilisha Kenya mwaka 2009, akaiwakilisha Uingereza mwaka 2010, kisha akaacha mashindano kabla ya Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Hoja kuu ni kwamba historia ya michezo ya Afrika Mashariki imezoea kumhesabu mwanamichezo kwa bendera yake, ilhali katika uogeleaji kinachotangulia bendera ni maji: bwawa liko wapi, ni la nani, na mtoto anaruhusiwa kukaa ndani yake kwa saa ngapi. Ili kuipima hoja hiyo, insha inailinganisha safari yake na ya Mkenya Jason Dunford, inajadili dai la kwamba mwili wa mtu mweusi haukuumbwa kuelea, kisha inaigeukia Wilaya ya Kilosa, hasa mji wa Mikumi, ambako maji ni mengi lakini mwogeleaji wa mashindano hana pa kuanzia. Insha inahitimisha kuwa uamuzi wa kuacha nao ni sehemu ya historia ya mchezo, na kwamba swali la "kwao ni wapi" linapaswa kujibiwa kwa kuangalia nani aligharimia maji.

UTANGULIZI

Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya kuogelea yaliyofanyika Roma, msichana wa miaka 15 aliingia majini akiiwakilisha Kenya. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Budapest mwezi Agosti, msichana huyohuyo aliingia majini akiwa mwakilishi wa Uingereza, na kwa kufanya hivyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuiogelea nchi hiyo. Kati ya Roma na Budapest mwili ulikuwa uleule na mtindo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni bendera.

Tukio hilo linaweza kusimuliwa kwa namna mbili. Msimulizi wa Nairobi anaweza kulieleza kama hasara: kipaji kimeondoka. Msimulizi wa London anaweza kulieleza kama ushindi: mlango umefunguliwa. Masimulizi yote mawili yanaanza na bendera na kuishia kwenye bendera. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na methali hiyo inadhani kwamba "kwao" kwa mchezaji kunajulikana, na kwamba wanaomtunza ndio hao wa kwao. Safari ya Ajulu-Bushell inazilegeza dhana zote mbili.

Maandishi ya historia ya michezo katika Afrika Mashariki yameelemea zaidi kwenye riadha na kandanda. Upendeleo huo una sababu zake. Kipchoge Keino na Filbert Bayi walipata umaarufu katika miaka ileile ambayo mataifa mapya yalihitaji mashujaa, na barabara ya vumbi inayomtosha mkimbiaji wa mwanzo ipo katika kila kijiji. Uogeleaji ni tofauti. Mwogeleaji hawezi kuanza mpaka mtu mwingine awe amejenga, amejaza, amesafisha na amefungua bwawa. Kwa hiyo historia ya mwogeleaji mmoja ni lazima iwe pia historia ya bwawa lake.

Insha imegawanyika katika sehemu sita. Ya kwanza inaeleza mtindo wa kifua wenyewe, kwa kuwa tabia yake ndiyo inayobeba hoja. Ya pili inafuata safari ya Ajulu-Bushell hadi kilele chake. Ya tatu inajadili uraia na bendera kwa kulinganisha na Jason Dunford. Ya nne inashughulikia dai la mifupa mizito. Ya tano inaipeleka hoja Kilosa na Mikumi. Ya sita inajadili uamuzi wa kuacha.

MTINDO WA KIFUA NA GHARAMA YAKE

Katika Kiswahili kitenzi kuogelea kimetokana na kuoga. Lugha yenyewe inaanza na mtu aliyeingia majini kujisafisha, ndipo inamrefushia kitenzi hadi awe anakwenda ndani ya maji hayo. Mtindo wa kifua ndio ulio karibu zaidi na mwanzo huo. Mwogeleaji hulala kifudifudi, mikono hutanuka na kukusanyika mbele ya kifua, na miguu hukunjwa na kupiga kwa pamoja kama ya chura. Ni mtindo mkongwe. Matthew Webb alipovuka mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875 aliutumia huo.

Katika mashindano, mtindo wa kifua ni wa polepole kuliko mitindo yote minne, na ndio wenye masharti mengi zaidi. Mikono yote miwili lazima iende pamoja, na miguu vivyo hivyo. Kichwa lazima kitokeze juu ya uso wa maji katika kila mzunguko wa mikono na miguu. Ukuta lazima uguswe kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Kanuni hizi zimekuwa zikibadilika kila waogeleaji walipogundua mwanya. Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 kwa kuogelea sehemu kubwa ya mbio chini ya maji, na baada ya hapo mbinu hiyo ikazuiwa. Kufuatia mabishano juu ya ushindi wa Kosuke Kitajima, Mjapani pia, katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, mwaka 2005 kanuni ziliruhusu pigo moja la miguu la mtindo wa pomboo baada ya kuruka na baada ya kila kugeuka.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mtindo huu miguu inaporudishwa kuelekea nyonga huyazuia maji, na mwendo hupungua karibu kufa kabla ya pigo linalofuata kuufufua. Tofauti inaonekana katika rekodi. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mita 100 mtindo wa kifua, iliyowekwa na Mwingereza Adam Peaty mwaka 2019, ni sekunde 56.88, ile ya mtindo huru, iliyowekwa na Mchina Pan Zhanle katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ni sekunde 46.40. Zaidi ya sekunde 10 zinapotea, na nyingi kati yake zinapotelea katika kusimama na kuanza upya.

Kwa sababu hiyo nguvu peke yake haimsaidii sana mwogeleaji wa kifua. Anayevuta kwa nguvu kwa wakati usiofaa huongeza upinzani wa maji badala ya mwendo. Kinachomtenganisha bingwa na wengine ni kujua lini avute, lini anyooke na lini asubiri, na maarifa hayo hayapatikani nchi kavu. Hupatikana kwa kurudia jambo moja majini asubuhi na jioni kwa miaka. Ndiyo maana mtindo huu ni kipimo kizuri cha fursa: anayeumudu ameshapewa saa nyingi za maji.

KUTOKA ROMA HADI BUDAPEST

Rebecca Achieng Ajulu-Bushell alizaliwa Uingereza mwaka 1994. Baba yake, Rok Ajulu, alikuwa mwanazuoni Mkenya wa uchumi wa kisiasa aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Afrika Kusini na kufariki dunia Desemba 2016. Mama yake ni Mwingereza. Jina lenyewe linabeba jiografia ya maisha yake: Achieng ni jina la Kijaluo apewalo msichana aliyezaliwa jua likiwa juu, na Ajulu-Bushell ni pande mbili zilizounganishwa kwa kistari. Mtoto wa namna hiyo hana "kwao" kumoja tangu siku ya kwanza.

Mashindano ya Roma ya mwaka 2009 yana nafasi ya pekee katika historia ya uogeleaji. Yalikuwa kilele cha enzi ya mavazi ya plastiki na mpira yaliyomsaidia mwogeleaji kuelea na kuteleza, na rekodi za dunia 43 zilivunjwa katika siku chache. Shirikisho la kimataifa liliyapiga marufuku mavazi hayo kuanzia tarehe 1 Januari 2010. Kwa Ajulu-Bushell mpaka huo una maana mbili. Kenya aliiogelea katika enzi moja na Uingereza katika enzi nyingine, na mwaka 2010 ukawa mwaka ambao waogeleaji wote walilazimika kuonyesha tena, kwa vazi la kitambaa, kasi iliyokuwa yao wenyewe.

Yeye aliionyesha. Katika mashindano ya ubingwa wa Uingereza yaliyofanyika Sheffield mwaka huo alishinda mita 50 na mita 100 mtindo wa kifua. Akiwa na miaka 16 aliongoza orodha ya dunia ya mita 50. Agosti ikamkuta Budapest.

Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Plymouth College, shule ya kusini-magharibi mwa Uingereza iliyounganisha masomo na mazoezi ya kuogelea ya kiwango cha juu. Uzito wa shule hiyo katika mtindo wa kifua unaonekana zaidi kwa mwanafunzi mwingine. Rūta Meilutytė, msichana wa Lithuania, alihamia Plymouth mwaka 2010, na miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 15, alishinda dhahabu ya mita 100 mtindo wa kifua katika Olimpiki ya London. Meilutytė aliogelea kwa bendera ya Lithuania ilhali maji yaliyomlea yalikuwa ya Plymouth. Ajulu-Bushell aliogelea katika maji hayohayo kwa bendera ya nchi yaliyomo. Wasichana wawili, shule moja, bendera mbili: mfano huu peke yake unatosha kuonyesha kwamba bendera haikuwa chanzo cha kasi ya yeyote kati yao.

Lipo jambo jingine ambalo masimulizi ya ushindi huliruka. Mbio zake bora zilikuwa za mita 50, na mita 50 za mtindo wa kifua hazikuwa katika Michezo ya Olimpiki. Mwogeleaji wa mtindo wa kifua aliyetaka Olimpiki alipaswa kuogelea mita 100 au 200. Ni mwaka 2025 tu ndipo iliamuliwa kwamba mbio za mita 50 za mitindo ya kifua, chali na kipepeo ziingizwe katika Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028. Mtu anaweza kuwa wa kwanza duniani katika umbali fulani, na bado ratiba ya mashindano makubwa kuliko yote isiwe na nafasi ya umbali huo.

URAIA, BENDERA NA MFANO WA JASON DUNFORD

Mabadiliko ya bendera ya Ajulu-Bushell yalitokea katika mwezi ambao Kenya yenyewe ilikuwa ikiamua upya nani ni wake. Katiba iliyotangulia haikumruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. Mashindano ya Ulaya yalimalizika katikati ya Agosti 2010. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi, ikamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata anapopata uraia wa nchi nyingine, na ikamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye baba au mama yake ni Mkenya, awe amezaliwa ndani au nje ya nchi. Kisheria, binti wa Mkenya hakulazimika tena kuchagua. Kimichezo kuchagua kulibaki, kwa kuwa mwogeleaji huwakilisha nchi moja kwa wakati mmoja. Tanzania, kwa upande wake, haijaruhusu uraia pacha kwa watu wazima hadi sasa, na mjadala juu ya watoto wa Watanzania waliozaliwa ughaibuni bado unaendelea.

Ulinganisho na Jason Dunford unasaidia kuona kile ambacho sheria haielezi. Dunford alizaliwa Nairobi mwaka 1986. Naye alisoma Uingereza, katika Marlborough College, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo, sekunde 51.14, na akamaliza wa tano katika fainali. Oktoba 2010, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Delhi, alishinda dhahabu ya mita 50 za mtindo huo kwa niaba ya Kenya.

Kwa bendera, wawili hawa ni kinyume: mmoja alibaki na Kenya, mwingine aliiacha. Kwa maji, wanafanana. Wote wawili walikamilishwa na mabwawa ya shule na vyuo vya ng'ambo. Kenya inalo bwawa la mita 50 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, lakini bwawa la mashindano si sawa na mfumo wa mazoezi. Bwawa hufunguliwa siku ya sherehe. Mfumo humfungulia mtoto mlango saa kumi na moja alfajiri kila siku, ukampa kocha, chakula na shule inayoielewa ratiba yake. Dunford na Ajulu-Bushell walipewa mfumo huo na nchi ambazo si Kenya. Kumwita mmoja mzalendo na mwingine mtoro ni kuhukumu hatua ya mwisho ya safari na kuzisahau zote zilizoitangulia.

DAI LA MIFUPA MIZITO

Sehemu kubwa ya karne ya 20 ilipita huku uhaba wa waogeleaji weusi katika mashindano makubwa ukielezwa kwa mwili. Ilidaiwa kuwa mifupa ya watu weusi ni mizito, kwamba hawaelei, na kwamba maumbile yenyewe yamewaelekeza kwenye mbio za nchi kavu. Ajulu-Bushell amelikabili dai hilo moja kwa moja: kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa Uingereza mwaka 2024, kinaitwa These Heavy Black Bones, yaani mifupa hii mizito myeusi.

Dai hilo lina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, kuelea kwa mwili hutegemea zaidi hewa iliyomo mapafuni na mafuta yaliyomo mwilini kuliko mifupa, na mambo hayo mawili hutofautiana sana kati ya mtu na mtu ndani ya jamii yoyote. Pili, historia inalikanusha pale maji yalipopatikana. Anthony Nesty wa Suriname alishinda dhahabu ya mita 100 mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, baada ya kupata shule yenye bwawa na kocha huko Florida. Alia Atkinson wa Jamaika, mwogeleaji wa mtindo wa kifua, alishinda mita 100 katika mashindano ya dunia ya bwawa fupi huko Doha mwezi Desemba 2014, akiifikia rekodi ya dunia iliyokuwa ya Meilutytė, dakika 1 na sekunde 2.36, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa kuogelea. Simone Manuel wa Marekani alifuata katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa dhahabu ya mita 100 mtindo huru.

Dai la mifupa liliishi muda mrefu kwa sababu lilikuwa na faida. Lilimsamehe aliyefunga mlango. Afrika Mashariki ya kikoloni mabwawa yalikuwa ya klabu, na klabu zilikuwa za rangi moja. Afrika Kusini na sehemu nyingi za Marekani sheria na desturi zilifanya vivyo hivyo waziwazi. Ikiwa tatizo ni mfupa, hakuna anayehitaji kujibu kwa nini mlango ulifungwa. Ikiwa tatizo ni mlango, mwenye ufunguo anawajibika.

Mabaki ya fikra hiyo hayajaisha. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa lilikataa kofia za kuogelea zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nyingi za Kiafrika, kisha likaziruhusu mwaka 2022 baada ya malalamiko. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka huo wa 2021, Alice Dearing akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuiogelea Uingereza katika Olimpiki. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita tangu Budapest.

MAJI YASIYO BWAWA: KILOSA NA MIKUMI

Hoja iliyojengwa kwa mifano ya Plymouth na Nairobi inahitaji kupimwa mahali ambapo hakuna mwogeleaji wa kimataifa wa kusimuliwa. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inafaa kwa kipimo hicho, kwa kuwa haiwezi kuelezwa kuwa ni nchi kame. Mto Mkondoa unapita Kilosa, na Reli ya Kati inaufuata bonde lake kupanda kuelekea bara. Kusini ya Mikumi, Ruaha Mkuu umezuiwa huko Kidatu kuzalisha umeme. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kukatwa na barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, mojawapo ya sehemu zinazotembelewa zaidi ni bwawa la viboko.

Maji hayo hayamfundishi mtoto kuogelea kwa mashindano, na mara nyingi humfundisha kuyaogopa. Bwawa la viboko si mahali pa kujitupa. Mto unaotembea taratibu wakati wa kiangazi huja na mamba au huja na mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaingia mjini Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata Reli ya Kati. Ilikuwa miezi michache tu kabla ya ubingwa wa Sheffield. Katika msimu mmoja, maji yalikuwa nyenzo ya kazi kwa msichana wa Plymouth na yalikuwa adui aliyebomoa nyumba kwa msichana wa Kilosa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mwili wa mmoja uliumbwa tofauti na wa mwenzake.

Mikumi pia ina mabwawa ya kuogelea ya kujengwa, lakini hayo ni ya nyumba za wageni zinazopokea watalii wa hifadhini. Mtoto wa mji huo akiyakaribia, humkaribia akiwa mtoto wa mhudumu au muuza bidhaa. Kwa namna hiyo mgawanyo wa enzi ya klabu umebaki hata baada ya sheria yake kuondoka: zamani rangi ndiyo iliyofunga mlango, sasa ni bei.

Hali ya Mikumi ni sura ya bara zima la Tanzania, si kasoro ya mji mmoja. Mashindano ya taifa ya kuogelea yamezoea kufanyika katika mabwawa ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, na waogeleaji wengi wanaofika Olimpiki hutoka katika shule za namna hiyo au hulelewa nje ya nchi. Rio 2016 Tanzania iliwakilishwa majini na Magdalena Moshi na Hilal Hemed Hilal, wote katika mita 50 mtindo huru. Paris 2024 iliwakilishwa na Sophia Latiff katika mita 50 na Collins Saliboko katika mita 100, wote mtindo huru. Uchaguzi wa mtindo si bahati nasibu. Mbio fupi za mtindo huru ndizo zinazoweza kuandaliwa kwa bwawa dogo na saa chache. Mtindo wa kifua, ambao umeonekana hapo juu kuwa mtindo wa saa nyingi, ni anasa ya wenye maji ya kudumu.

KUACHA KAMA TUKIO LA KIHISTORIA

Ajulu-Bushell hakuogelea katika Olimpiki ya London. Aliacha mashindano kabla ya Michezo hiyo, akiwa bado kijana, akaenda kusomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Ukimpima kwa medali za Olimpiki, safari yake haikukamilika. Kipimo hicho ndicho kinachompoteza mtafiti.

Mwanamichezo anayeitwa "wa kwanza" hupewa kazi mbili kwa malipo ya moja. Huogelea dhidi ya saa kama wenzake, na wakati huohuo huogelea kwa niaba ya watu wote ambao hawakuwahi kufika pale. Mwenzake akishindwa, ameshindwa yeye peke yake. "Wa kwanza" akishindwa, huonekana amelithibitisha dai la mifupa. Kuyabeba hayo katika umri wa miaka 16, katika mtindo unaodai mwili utulie kabla ya kila pigo, si jambo dogo. Kumbukumbu zake za mwaka 2024 zinaurudisha mwili huo mikononi mwa mwenyewe: haziuelezi kama mali ya nchi mbili zinazogombea, bali kama mwili wa msichana aliyekuwa akikua huku akitazamwa.

Kwa mwanahistoria, kuacha kwake ni ushahidi wenye thamani sawa na ushindi wa Sheffield. Ushindi ulionyesha kwamba maji yakitolewa, dai la mifupa huanguka. Kuacha kulionyesha kwamba maji hayatoshi pale ambapo mtoto anatunzwa kama matokeo na si kama mtu. Wanaopanga kujenga mabwawa Afrika Mashariki wana la kujifunza katika yote mawili, na la pili ni gumu zaidi kulisikia.

HITIMISHO

Insha hii imeonyesha kwamba safari ya Rebecca Achieng Ajulu-Bushell haielezeki vyema kwa swali la bendera. Kenya ilimpa jina na nafasi ya kwanza ya kimataifa. Uingereza ilimpa maji, na kwa maji hayo ikapata ubingwa wake. Jason Dunford alipata maji ya ng'ambo na kubaki na bendera ya Nairobi. Rūta Meilutytė alipata maji ya Plymouth na kubaki na bendera ya Lithuania. Njia hizo tatu zinaungana katika jambo moja: hakuna kati yao aliyefika juu bila mfumo uliomfungulia bwawa kila alfajiri.

Kwa historia ya michezo ya Afrika Mashariki, matokeo yake ni ya kimbinu. Orodha za wawakilishi wa taifa zisomwe pamoja na ramani ya mabwawa: yalijengwa lini, na nani, kwa ajili ya nani, na yalifunguliwa saa ngapi. Ramani hiyo ikisomwa, ukimya wa Kilosa na Mikumi katika historia ya uogeleaji utaacha kuonekana kama ukosefu wa vipaji, na utaonekana jinsi ulivyo, yaani kazi ambayo haijafanywa.

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Kwa ushahidi uliojadiliwa hapa, inaweza kusomwa pia kwa kuanzia mwisho: anapotunzwa mchezaji, hapo ndipo panapokuwa kwao. Nchi inayotaka kuitwa kwao na waogeleaji wake haina budi kutangulia kuwatunza, wakiwa bado wadogo na kabla jina lao halijajulikana na yeyote.